Asilimia 92 za Nani?

Ukitaka kujua kipimo cha vinasaba kwenye choo kinaweza kusema nini na hakiwezi kusema nini, usianzie Marekani. Anzia Haydom. Hospitali hiyo ya Kilutheri, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, iko upande wa Mbulu mkoani Manyara, lakini wagonjwa kutoka Mkalama na Iramba wameizoea kama vile ipo Singida. Kuanzia mwishoni mwa 2009 ilikuwa kituo kimojawapo kati ya vinane vya utafiti wa kimataifa ulioitwa MAL-ED. Vingine vilikuwa Dhaka, Vellore, Fortaleza na kwingineko. Watoto zaidi ya 1,700 walifuatiliwa tangu uchanga hadi miaka miwili, na choo chao kikachukuliwa kila mwezi, wawe wanaharisha au wasiharishe.

Kile kipengele cha mwisho ndicho kilicholeta mtafaruku. Choo cha kuharisha, zaidi ya robo tatu yake, kilikutwa na angalau kijidudu kimoja cha ugonjwa. Hilo lilitarajiwa. Lakini zaidi ya nusu ya choo cha watoto wasioharisha nacho kilikuwa na vijidudu. Mtoto anacheza, ananyonya, anaongezeka uzito, na choo chake kina giadia. Ilibidi watafiti warudi kwenye sampuli zile na kuzipima upya kwa mashine zinazonakili vinasaba na kuhesabu wingi wake, kisha wamlinganishe mtoto anayeharisha na yule asiyeharisha. Majibu ya 2018 yalipanga upya orodha ya wakosaji: Shigella, ambayo vipimo vya zamani vilikuwa vikiikosa mara nyingi, ilipanda juu kabisa, na vijidudu vingine vilivyokuwa vikilaumiwa vikaonekana kuwa wapita njia tu.

Hayo hayakuhusu saratani hata kidogo. Nayaleta kwa sababu watu wa ukanda huu wamekwisha kuonyesha, kwa choo cha watoto wao, kwamba mashine inaweza kuona kitu kilichopo kweli kabisa na bado isiwe imeona ugonjwa. Sasa tuingie kwenye saratani ya utumbo mpana tukiwa na somo hilo mkononi.

Ukuta wa ndani wa utumbo mpana hujivua bila kukoma. Seli zake huishi siku chache, zikafa, zikaondoka na choo. Uvimbe unaokua humwaga seli zake vilevile, na seli hizo hubeba kasoro za vinasaba zilizoufanya uwe uvimbe. Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walieleza jinsi kasoro hizo zinavyojilimbikiza hatua kwa hatua: kinyama kidogo kisicho na madhara, yaani polipu, kinakuwa kikubwa, kinapata kasoro nyingine, na baada ya miaka mingi baadhi yake hugeuka saratani. Miaka miwili baadaye David Sidransky na wenzake, Vogelstein akiwamo, waliichungulia kasoro ya kinasaba kiitwacho KRAS ndani ya choo cha wagonjwa. Wazo likawa jepesi kulitamka: kama saratani inajiandika kwenye choo, tusome choo.

Kusoma kukawa kugumu. Vinasaba vingi kwenye kinyesi ni vya bakteria. Vya binadamu ni chembe ndogo sana, na vya uvimbe ni chembe ya chembe. Toleo la kwanza lililopimwa kwa upana, matokeo yake yakachapishwa 2004, liligundua saratani 16 kati ya 31. Nusu, kama kurusha shilingi. Hata hivyo lilikuwa mbele ya kipimo cha zamani cha damu iliyojificha kilichotumia utomvu wa mti wa guaiakamu, ambacho katika kundi lile lile kilipata 4 tu.

Daktari David Ahlquist wa Mayo Clinic hakuliacha. Yeye na kampuni ya Exact Sciences walibadili mbinu: badala ya kutafuta kasoro za vinasaba, kama za KRAS, peke yake, wakaongeza vibandiko vya kemikali vinavyozima vinasaba viwili, NDRG4 na BMP3, na juu yake wakaweka kipimo cha kisasa cha damu, kile kinachotambua himoglobini ya binadamu. Vyote vinaingizwa kwenye hesabu moja inayotoa jibu moja. Kipimo hicho, Cologuard, kiliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2014. Mtu wa miaka 45 na kuendelea asiye na dalili anatumiwa boksi nyumbani. Ndani yake mna chombo cha kuweka juu ya choo cha kukalia, dawa ya kuhifadhi na kijiti cha kukwangua. Akimaliza anafunga, anaita gari la vifurushi, na maabara inataka mzigo ufike ndani ya saa 72 au zaidi kidogo, kutegemea toleo. Akikutwa salama, anarudia baada ya miaka 3.

Hapo ndipo inapozaliwa ile asilimia 92 ya kwenye matangazo, nayo ni ya kweli. Katika utafiti wa vituo 90 vya Marekani na Kanada uliochapishwa 2014, watu 9,989 walipimwa choo, kisha wote wakafanyiwa kolonoskopi, ile kamera kwenye bomba laini linaloingizwa kwa njia ya haja kubwa. Kamera ilikuta wenye saratani 65. Kipimo cha choo kilikuwa kimewataja 60 kati yao. Sitini kwa sitini na tano: asilimia 92.3.

Soma tena sentensi hiyo uone imeanzia wapi. Imeanzia kwa wagonjwa. Inamchukua mtu ambaye tayari tunajua ana saratani, kisha inauliza kama kipimo kingemwona. Mtu aliyeshika karatasi ya majibu anaanzia upande mwingine: kipimo kimeniona mimi, je, nina saratani? Maswali hayo mawili hayana jibu moja, na wengi, madaktari wakiwamo, huchukua jibu la swali la kwanza wakalibandika kwenye la pili.

Tufanye hesabu kwa namba za utafiti ule ule. Mbali na wale 60, kipimo kilitoa majibu ya hatari kwa watu 321 waliokuwa na polipu kubwa au za kutia shaka. Hao tuwahesabu kuwa faida, maana polipu ikitolewa haigeuki saratani. Lakini kulikuwa na watu wengine zaidi ya 1,200 walioambiwa kuna tatizo, na kamera ilipoingia haikukuta saratani wala polipu ya kutisha. Jumla ya walioambiwa kuna tatizo ni kama 1,610. Gawanya kwa 60. Kwa kila watu 27 waliopata majibu mabaya, mwenye saratani alikuwa mmoja. Asilimia 92 imekuwa chini ya asilimia 4 bila mtu yeyote kudanganya.

Upande wa pili wa karatasi nao una mambo yake. Polipu za kutia shaka zilikuwa za watu 757, na kipimo kilizikosa za 436. Zaidi ya nusu ya watu ambao wangefaidika zaidi, kwa sababu ugonjwa wao ulikuwa haujawa ugonjwa, walirudishwa nyumbani na barua njema.

Na kuna jambo ambalo jina la kipimo linalificha. Katika watu hao hao, kipimo cha damu peke yake, kile wanachokiita kwa herufi FIT, kiligundua saratani 48 kati ya 65. Vinasaba na hesabu yake kubwa viliongeza 12. Watu 12 si wachache, ukiwa mmoja wao. Lakini FIT iliwatisha bure watu pungufu sana: majibu mabaya yote yalikuwa kama 700, na kati ya hayo saratani 48, yaani mmoja kwa kila 15. Tena FIT hufanywa kila mwaka. Kumlinganisha anayepimwa mara tatu na anayepimwa mara moja katika muda ule ule kwa kutazama raundi moja tu ni hesabu ya muuzaji. Bei nayo: kipimo cha vinasaba kinalipwa huko karibu dola 500, zaidi ya shilingi milioni 1.2, FIT ni dola 20 hivi.

Toleo jipya limepunguza tatizo. Utafiti wa 2024 wa watu 20,176 ulionyesha likiona saratani 92 kati ya 98, na waliotishwa bure wakashuka kutoka asilimia 13 hivi hadi 9 hivi. Ni hatua ya kweli. Polipu za kutia shaka zimebaki pale pale, asilimia 43. Na matoleo yote mawili yaliidhinishwa kwa utafiti wa kupima mara moja na kuhesabu kilichoonekana. Hakuna aliyesubiri kuhesabu vifo. Ile karatasi ya guaiakamu inayodharauliwa ilihesabiwa vifo: huko Minnesota, katika majaribio ya watu zaidi ya 46,000 yaliyochapishwa 1993, waliopimwa kila mwaka walikufa kwa ugonjwa huu pungufu kwa thuluthi moja. Mimi kipimo kinachoona sehemu tu ya ugonjwa na kimethibitika kupunguza makaburi nakiheshimu kuliko watu wengi wanavyofanya.

Tuseme sasa mama mmoja wa Ndago, Iramba, ana kijana anayefanya kazi Minneapolis. Kijana amefika miaka 45, ameletewa boksi, amepima, yuko salama. Jumapili anapiga simu. "Shikamoo mama. Huku tunapima kansa ya utumbo kwa choo tu, nyumbani. Nataka nawe nikutumie." "Marahaba baba. Sasa hicho choo nikipeleke wapi?" Swali la mama ni zuri, na tutalirudia. Kuna moja linalotangulia: namba za Minneapolis, zikivuka bahari, zinabaki zilezile?

Hazibaki. Uwezo wa kipimo kumwona mgonjwa unaweza usibadilike sana. Maana ya majibu ndiyo inayobadilika, kwa sababu inategemea ugonjwa umeenea kiasi gani miongoni mwa wanaopimwa. Katika utafiti wa 2014, karibu watu 65 kati ya kila 10,000 walikuwa na saratani bila kujijua. Tuseme Singida, mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022, kati ya watu wazima 10,000 wasio na dalili wenye ugonjwa huu ni moja ya kumi ya hao, 6 au 7. Nachagua moja ya kumi ili hesabu iwe nyepesi; ni mfano. Kipimo kitawaona 6. Lakini wanaotishwa bure hawapungui, kwa sababu wao hutoka kwa wazima, na wazima ni wengi vilevile. Watakuwa 1,300. Karatasi yenye majibu mabaya, ambayo kule ilikuwa na saratani moja kwa kila 27, huku itakuwa na moja kwa zaidi ya 200. Chekecheke ni lilelile. Kilichobadilika ni wingi wa mchanga.

Kwamba ugonjwa huu ulikuwa adimu Afrika Mashariki ni habari ya zamani, na aliyeitangaza duniani alianzia Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyefanya kazi Lira na Mulago, mwaka 1961 aliendesha gari kuukuu na wenzake wawili, maili 10,000 kwa wiki kumi, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika iliyokuwa ikingojea Uhuru wa Desemba. Alikuwa akifuatilia uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Lakini mtandao wa hospitali za misheni alioujenga ulimwonyesha kitu kingine: madaktari wa vijijini karibu hawakuwa wakiona saratani ya utumbo mpana. Akapima uzito wa vinyesi na muda ambao chakula huchukua kupita tumboni, akaja na hoja ya makapi: wanaokula nafaka zisizokobolewa hupata choo kingi, laini na cha haraka, na utumbo wao hunufaika.

Ugali wa uwele na mlenda, chakula cha Mnyaturu na Mnyiramba kwa vizazi, ungemfurahisha Burkitt. Wahadzabe wangemfurahisha zaidi. Wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, wengine Munguli wilayani Mkalama, na kwa mizizi, ubuyu na matunda pori hula makapi mengi kuliko karibu jamii yoyote iliyopimwa. Kinyesi chao kimefika maabara za Ulaya na Stanford. Machapisho ya 2014 na 2017 yalionyesha bakteria wa aina nyingi kuliko wa Waitaliano wa Bologna, na wakibadilika kwa majira, kiangazi na masika.

Nina wasiwasi na Burkitt mahali pamoja. Daktari asiye na kamera wala mtaalamu wa kusoma nyama ya uvimbe hataona saratani hata ikimpita mlangoni, na mtu anayekufa kwa malaria akiwa na miaka 40 hafikii umri wa ugonjwa huu. Sehemu ya uadimu ule ilikuwa uadimu wa macho. Hivi sasa macho yameongezeka na ugonjwa nao umeongezeka. Uchunguzi wa mafaili ya Muhimbili na Ocean Road ya mwaka 2005 hadi 2015, uliochapishwa 2016, ulikuta wagonjwa wakipanda mara kadhaa katika muongo mmoja. Sembe nyeupe imefika kila kijiji, na mtu wa Singida mjini anakula kama mtu wa Dodoma. Hesabu yangu ya moja ya kumi haitakaa hapo milele.

Turudi kwenye choo cha mama wa Ndago. Sehemu ya damu katika kipimo, ambayo tumeona ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, haiulizi damu imetoka wapi. Minyoo ya safura hunyonya na kuacha majeraha yanayovuja. Amiba huchimba vidonda. Kichocho cha matumbo, ambacho nyumba yake kuu ni kanda ya Ziwa Victoria, huvujisha damu na hata kuota vinyama. Bawasiri tusiitaje. Utafiti ulioipa dunia asilimia 92 ulifanywa kwa watu ambao wengi wao walikuwa weupe, katika nchi ambazo safura si habari ya kila siku. Ile asilimia 13 ya kutishwa bure, kwetu, nadhani ni ya chini kuliko itakavyokuwa.

Joto nalo hula himoglobini. Florence, Italia, watafiti walilinganisha miezi ya mwaka, na ripoti yao ya 2010 ikaonyesha kwamba kiangazi FIT ilitoa majibu ya hatari machache kuliko majira ya baridi, kwa watu wa mji uleule, kwa sababu sampuli ilipikika njiani. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700. Ukiweka kikopo kwenye buti la basi mwezi Oktoba, kosa litakuja kwa sura ya majibu mazuri, na hakuna anayelalamikia majibu mazuri.

Tuseme yote hayo yametatuliwa, na mama amepata majibu mabaya. Kipimo cha choo, cha vinasaba au cha damu, ni nusu ya kwanza ya kazi. Nusu ya pili ni kolonoskopi. Wale 1,300 wa mfano wetu kila mmoja anahitaji bomba, kusafisha tumbo kwa dawa, nauli, mtu wa kumsindikiza, na daktari bingwa ambaye asubuhi hiyo angeweza kumhudumia mtu anayevuja damu kweli. Foleni ya Dodoma, Moshi au Muhimbili haibagui aliyeletwa na dalili na aliyeletwa na karatasi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema teknolojia mpya haiwezi kudhuru. Inaweza, kwa kumsogeza mgonjwa nyuma kwenye foleni.

Matumizi yenye akili zaidi ya choo, kwa mkoa kama huu, yanatoka Uingereza, na si ya kupima wazima. Huko sasa mtu anayefika kwa daktari na dalili, kubadilika kwa choo, upungufu wa damu usioeleweka, hupewa FIT kwanza, na kiwango cha himoglobini ndicho kinachoamua nani apelekwe kwenye kamera haraka. Miongoni mwa wenye dalili ugonjwa si adimu tena, hivyo majibu yanakuwa na uzito. Mkoani Singida ingebidi minyoo itibiwe kwanza, kisha kipimo kirudiwe. Kipimo kile cha vinasaba hakikutengenezwa kwa watu hao kabisa. Anayeona damu kwenye choo chake hapaswi kukitumia, na majibu yake mazuri yasimtulize.

Wapo pia ambao umri unawaacha nje ya kila mpango. Hospitali za Afrika hupokea wagonjwa wa saratani hii wenye miaka 30 na kitu kwa kiwango ambacho Ulaya hawajakizoea. Boksi la miaka 45 halitawafikia. Wanachofanana wengi wao ni njia waliyopita: miezi ya dawa za amiba, kisha miezi ya dawa za bawasiri, za duka na za mitishamba, kabla mtu yeyote hajaangalia.

Na kuangalia kwenyewe kwa sehemu kubwa hakuhitaji mashine. Katika ripoti nyingi za hospitali za bara hili, sehemu kubwa ya saratani hizi huota kwenye puru, mwisho kabisa wa utumbo, na nyingi zinafikiwa na kidole. Zahanati yenye glovu, mafuta ya kulainisha na pazia inaweza kufanya uchunguzi huo. Usipofanyika, mara nyingi ni kwa haya: mgonjwa anaona aibu kulala ubavu mbele ya kijana wa umri wa mwanawe, na kijana naye anaona aibu kumwomba mzee. Mahali pengine wamemaliza hilo kwa kumpa mwanamke ahudumiwe na mwanamke na mwanaume na mwanaume, na kwa muuguzi kueleza kitakachofanyika kabla nguo haijafunguliwa. Kidole kikigusa kitu kigumu, rufaa iandikwe siku hiyohiyo, na kwenye karatasi yake paandikwe kilichoguswa, kiko upande gani, na umbali gani kutoka nje, maana daktari wa upasuaji atakayempokea Dodoma ataanzia hapo.